Maji ya Chai: Habari za Kikombe Chetu cha Viungo



Msafiri atokaye Arusha kwenda Moshi, akiisha kupita Tengeru na Usa River, hufika mahali paitwapo Maji ya Chai. Upo mto hapo ushukao kutoka Mlima Meru, na maji yake yana rangi ya kahawia, kama chai iliyopoa. Watu waliuita mto kwa rangi yake, na mahali pakaitwa kwa jina la mto.

Mimi ni mwalimu, na kazi yangu ni kuwafundisha vijana ambao nao watakuwa walimu. Mara nyingi huwauliza jina hili linatufundisha nini. Wengi hujibu kwamba linatufundisha rangi ya maji. Jibu hilo ni sawa, lakini yamo mambo mengine mawili. La kwanza ni kwamba yule aliyeutoa mfano huo alikuwa amekwisha kuijua chai, na wale waliomsikia waliijua pia. Kwa maana mtu hafananishi kitu na jambo lisilojulikana na wenzake. La pili ni onyo, nalo nitalieleza baadaye, tutakapofika kwenye maji yenyewe.

Leo nataka kusimulia habari za chai ya viungo, jinsi ilivyofika katika nchi yetu ya Meru, faida zake katika mwili, na namna ya kuipika nyumbani. Ukiingia katika nyumba ya watu pale Kisongo, magharibi ya mji wa Arusha, utakaribishwa kwa kikombe cha chai ya maziwa yenye harufu ya tangawizi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika kikombe hicho kimoja wamo wageni wengi, nao hawakuja siku moja wala kwa njia moja. Jani limetoka mbali, viungo vimetoka pwani na ng'ambo, maziwa ni ya ng'ombe wa hapa, na maji ni ya mlima wetu. Tuwatazame mmoja mmoja.

Tuanze na jani. Mchai ni mti wa China na nchi zinazopakana nayo, na Wachina waliunywa karne nyingi kabla watu wa Ulaya hawajausikia. Katika karne ya 8 aliishi huko mtu mwenye elimu, jina lake Lu Yu, akaandika kitabu kizima juu ya chai. Katika kitabu hicho anataja watu waliokuwa wakichemsha chai pamoja na tangawizi, vitunguu, maganda ya machungwa na vitu vinginevyo, naye akawalaumu sana kwa kuiharibu. Basi tunajua mambo mawili: kwamba kutia tangawizi katika chai ni desturi ya zamani mno, na kwamba tangu zamani hizo wako watu wasioipenda.

Hata neno lenyewe limesafiri. Wachina wa upande wa kaskazini husema *cha*, na neno hilo lilipita nchi kavu mpaka Uajemi na Bara Hindi, likawa *chai*. Sisi nasi tukalipokea hivyo hivyo. Watu wa Ulaya ya magharibi walioleta jani kwa merikebu kutoka pwani ya kusini ya China walilisikia likiitwa *te*, na ndiyo asili ya neno la Kiingereza. Kwa hiyo mtu wa Kisongo atakapo chai hutamka neno lililo karibu na la Mwajemi na Mhindi kuliko la Mwingereza.

Kwa muda mrefu Waingereza walinunua chai yote China. Mwaka 1823 Robert Bruce alipata habari za mchai uliokuwa ukiota wenyewe huko Assam, Bara Hindi, ambako watu wa kabila la Singpho walikuwa wakiutumia tangu zamani. Mwaka 1839 chai ya kwanza ya Assam iliuzwa mnadani London, na tangu hapo mashamba makubwa yakaenea. Lakini Wahindi wenyewe wengi hawakuwa wanywaji wa chai. Ni katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ndipo wafanya biashara wa chai walipojitahidi kuwazoeza, kwa kuitembeza katika vituo vya gari la moshi, viwandani na mijini. Wauzaji wadogo wa njiani wakaichukua chai hiyo, wakaipika kwa namna yao: maziwa mengi, sukari nyingi, tangawizi na iliki, na majani machache, kwa kuwa majani yalikuwa ghali. Wenye mashamba hawakupendezwa, kwa sababu kikombe cha namna hiyo hupunguza majani yanayouzwa. Lakini watu walikipenda, na mapenzi ya watu yakashinda. Hivyo chai ya viungo tuijuayo leo haikutoka mezani pa wakubwa. Ilitoka katika sufuria ya mchuuzi aliyetaka kubana matumizi.

Sasa tutazame viungo. Tangawizi, iliki, mdalasini na pilipili manga asili yake ni Asia, na karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya mbali. Miche ya karafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Wafaransa. Seyyid Said bin Sultan, aliyeihamishia Unguja enzi yake kutoka Omani, akawahimiza wenye mashamba kuipanda, hata visiwa vya Unguja na Pemba vikawa vinajulikana duniani kwa karafuu. Mwaka 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja ikang'oa mikarafuu mingi sana, na tangu wakati ule Pemba ndiyo iliyoongoza kwa mavuno.

Historia njema haifichi ubaya. Mikarafuu ile ilipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa, waliotekwa bara na kupelekwa pwani kwa minyororo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Basi tunapotia karafuu tatu katika sufuria tukumbuke kwamba harufu hii nzuri iliwahi kununuliwa kwa machozi ya watu wa nchi hizi hizi. Siku hizi viungo vingi vinalimwa na wakulima walio huru. Karafuu ni za Pemba na Unguja. Iliki na mdalasini hutoka Usambara ya mashariki, karibu na Amani, mahali ambapo Wadachi walianzisha shamba lao kubwa la majaribio ya mimea mwaka 1902. Na tangawizi hutoka karibu zaidi, katika milima ya Upare, upande wa Mamba Myamba wilayani Same. Jani nalo limekuwa mwenyeji. Lilijaribiwa Limuru, Kenya, mwaka 1903, na Wadachi walilijaribu Amani miaka hiyo hiyo. Kilimo chake cha biashara katika Tanganyika kikaanza mwaka 1926.

Vitu hivi vilifikaje kwetu? Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilipanda kutoka Pangani kuja Kilimanjaro na nchi ya Wamasai kutafuta pembe. Mwaka 1900 Wadachi walijenga boma lao Arusha, na karibu na boma yakaota maduka, mengi yao ya Wahindi. Mwaka 1929 reli ilifika Arusha kutoka Moshi, na bidhaa zilizokuwa zikibebwa kwa vichwa na kwa magari ya ng'ombe zikaja kwa mabehewa. Sukari na majani ya chai havikuwa tena vitu vya watu wachache.

Lakini tusidhani kwamba kabla ya hapo watu wa nchi hii hawakujua kutia kitu katika kinywaji. Jina la Kisongo ni jina la fungu kubwa la Wamasai, yaani Ilkisongo. Wamasai tangu zamani huchemsha magome na mizizi katika supu ya nyama, na mmojawapo wa miti yao mashuhuri ni olkiloriti, jamii ya mgunga. Vibuyu vyao vya maziwa huvisafisha kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, yaani mzeituni mwitu, na maziwa hupata harufu ya moshi wake. Mwishoni mwa karne ya 20 wataalamu walichunguza mimea ambayo Wamasai na Wabatemi wa Ngorongoro hutia katika maziwa na supu, wakakuta kwamba baadhi yake ina vitu viwezavyo kusaidia kupunguza mafuta mabaya katika damu. Kwa hiyo tangawizi ilipofika Kisongo haikukuta watu wasiojua dawa za miti. Ilikuta nyumba iliyo tayari.

Sasa nataka tupime faida za kikombe hiki, kwa maana hapa ndipo maneno mengi husemwa na machache hupimwa. Utasikia sokoni kwamba chai ya viungo huponya kila kitu: homa, kisukari, presha, hata malaria. Wasikilizaji, hayo si kweli. Mwenye homa na apimwe damu hospitalini. Akingoja tangawizi imponye, malaria haitamngoja. Lakini mambo yafuatayo yanajulikana.

Tangawizi husaidia kutuliza kichefuchefu, hata cha mama mjamzito, nalo ni jambo lililojaribiwa mara nyingi na waganga. Karafuu ina mafuta yatiayo ganzi. Ndiyo sababu wazee waliiweka juu ya jino lenye kuuma, na waganga wa meno nao wametumia mafuta hayo hayo katika kazi yao. Chai ya moto huwatuliza wenye mafua na kikohozi, ijapokuwa haiondoi ugonjwa. Iliki na mdalasini huleta ladha tamu bila ya kuwa sukari, nayo ni faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani hushauri sukari iongezwayo katika vyakula na vinywaji vyote vya mtu mzima kwa siku isizidi vijiko vidogo 12 hivi, na afadhali isizidi 6. Mtu anywaye vikombe vitatu, kila kimoja kwa vijiko vinne, amekwisha kufika ukomo kabla hajala kitu.

Lakini faida kubwa kuliko zote haimo katika viungo wala katika jani. Imo katika moto. Maji yaliyochemka hayana tena vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Maziwa yaliyochemka hayana tena vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe, wala vya brusela, maradhi yamtupayo ng'ombe mimba na kumtia mtu homa ya kwenda na kurudi, pamoja na maumivu ya maungo. Katika nchi ya wafugaji jambo hili si dogo. Mzee aliyezoea maziwa mabichi ya kibuyuni hakubali upesi kuambiwa ayachemshe. Lakini mpe chai ya maziwa yenye tangawizi, atakunywa kwa furaha maziwa yaliyochemka, wala hapana aliyebishana naye. Kwa miaka mingi watu walilisifu jani, kisha wakavisifu viungo, na huku moto ulikuwa ukiwafanyia kazi kimya kimya.

Sasa tumefika kwenye lile onyo la Maji ya Chai. Mlima Meru ni mlima wa moto, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, na mara ya mwisho ulitoa moto mwaka 1910. Katika majivu na mawe yake mna madini yaitwayo floridi. Maji yapitayo katika mawe hayo huyayeyusha na kuyachukua. Floridi kidogo huimarisha meno; ikizidi huyaharibu. Mtoto anywaye maji yenye floridi nyingi wakati meno yake ya ukubwani yanapofanyika, huota meno yenye madoa ya kahawia, na pengine yenye mashimo. Akiendelea miaka mingi kwa kipimo kikubwa, hata mifupa hupinda na viungo vya mwili hukakamaa. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 katika lita moja. Tanzania kwa muda mrefu iliruhusu mpaka 4, nayo siku hizi imeshika 1.5. Mto wa Maji ya Chai umepita sana vipimo hivyo, na visima na chemchemi nyingi za kuuzunguka Meru navyo pia, lakini si zote. Jirani yako aweza kuwa na kisima chema na wewe ukawa na kibaya, na kwa macho na kwa ulimi hutaona tofauti.

Hapa ndipo moto, rafiki yetu, unaposhindwa. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi hubaki nyuma na kuzidi ukali. Na jani la chai lenyewe huvuta floridi kutoka ardhini, hasa majani makuukuu yaliyo rahisi kwa bei. Magadi tutiayo katika makande nayo huwa na floridi. Kwa hiyo mama aliye makini, achemshaye maji kwa uangalifu na kuwapa watoto wake chai asubuhi na jioni, aweza kuwalinda na kuhara na huku akiwaharibu meno bila kujua. Nimewaona wanafunzi wenye akili nyingi wakiziba midomo kwa mkono wanapocheka, kwa kuona haya ya meno yao. Si kosa lao, wala si uchafu wao. Ni maji.

Tufanyeje? Kwanza, uliza katika ofisi ya maji ya mahali pako kipimo cha floridi cha chanzo mnachokitumia. Ni haki yako kukijua. Pili, maji ya mvua yaliyokingwa juu ya bati safi kwa kawaida hayana floridi ya kudhuru. Yawekwe kwa ajili ya kunywa na kupika chai, hasa ya watoto, na maji mengine yafue na kuosha. Tatu, karibu na hapo hapo Maji ya Chai, pale Ngurdoto, kuna kituo cha serikali kilichochunguza namna ya kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na vichujio vya namna hiyo vinaweza kutumika nyumbani. Ni ajabu njema kwamba mfugaji, aliyeleta maziwa katika kikombe, aweza kuleta pia mifupa ya kuyasafisha maji yake.

Basi sasa tupike. Kwa watu wanne, chukua vikombe vitatu vya maji mema na kikombe kimoja na nusu cha maziwa. Twanga katika kinu kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole gumba, pamoja na iliki nne, karafuu tatu, punje nne za pilipili manga na kipande kidogo cha mdalasini. Tia viungo katika maji, funika sufuria, uache yachemke dakika kumi kwa moto mdogo. Kisha tia vijiko viwili vidogo vya majani ya chai, uache dakika mbili au tatu. Mwisho tia maziwa, uyaache yachemke sawasawa mpaka yapande, ndipo uepue na kuchuja. Usianze kwa kutia tangawizi mbichi katika maziwa, kwa maana tangawizi mbichi huyakatisha maziwa. Ikichemka kwanza katika maji, nguvu hiyo huisha. Sukari iwekwe mezani, kila mtu ajitilie, wala isimwagwe sufuriani.

Ukitaka kuweka viungo vilivyosagwa, vikaushe vizuri na uviweke katika chupa yenye kifuniko, maana viungo vyenye unyevu huota ukungu wenye sumu. Mdalasini usizidishwe kila siku, kwa kuwa mwingi uuzwao madukani ni wa namna ya kasia, ambayo ikizidi sana huweza kudhuru ini. Atumiaye dawa za kuzuia damu kuganda na amwulize mganga wake kabla ya kunywa tangawizi nyingi. Na chai isinywewe pamoja na chakula kikuu, bali saa moja kabla au baada, kwa sababu huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagwe. Jambo hili huwahusu hasa wajawazito na watoto. Mtoto mchanga asipewe chai kabisa. Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama yamtosha.

Wasikilizaji, ndizo habari za kikombe chetu. Jani, viungo, maziwa na maji vimekutana katika sufuria moja, kila kimoja na safari yake. Kesho asubuhi, kabla hujaulizia tangawizi ya Same au karafuu za Pemba, uliza kwanza maji haya yametoka wapi. Waliouita mto ule Maji ya Chai waliiona rangi yake tu. Sisi tuliojaliwa kujua kilichomo ndani yake hatuna udhuru mbele ya watoto wetu.